Kujitolea si kubeba viti

Siku moja ya posho, saa kumi na moja ya asubui, mama alinikuta ninanyoosha shati langu nyeupe na pasi ya makala. Kura ilikuwa imeenda tangu juzi. Akaniuliza:

— Unaenda wapi saa hii?

— Ku mukutano ya ba injeniere, mama. Niko mu kikundi chenye kinapokea bantu.

— Na banakulipaka ngapi?

— Habanilipake. Ni kujitolea.

Mama akaongeza makala ku mbabula, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Babako naye alijitoleaka. Myezi na myezi anatumika, mushahara hakuna. Angalia kenye kujitolea kulituachia.»

Wapenzi wasomaji, neno lile linanifwata mupaka leo. Siku ile sikuwa na jibu. Nilivaa shati, nikatoka, nikapanda bisi na pesa yangu ya mukate. Leo ninataka kujaribu kumujibu mama, na kupitia yeye, wazazi wengi wenye wanaona watoto wao wa masomo ya juu wanakimbia huku na kule kwa vyama vya wahandisi bila kuleta hata franka moja nyumbani. Tena ninataka kusema neno kwa wakubwa wetu wa vyama vile, kwa sababu mama hakukosa kila kitu. Kuna pahali alipiga kabisa.

Mbele ya kuendelea, tuelewane juu ya maneno. Mimi ni mwanafunzi wa master katika mambo ya umeme, hapa Lubumbashi. Hapa kwetu tukisema «gradué», watu wanafikiri mutu wa miaka 3 ya kwanza ya université. Mimi ninasema juu ya wale walimaliza masomo yao ya kwanza na wanaendelea: wa master, wa DEA, wa doktora, pamoja na wasaidizi wa waprofesa. Ni watu wenye miaka 25, 28, wengine 35. Wengine wako na bibi ao bwana na watoto. Hawako tena watoto wa shule, lakini bado hawana nafasi ya kukaa mezani na wakubwa. Wako katikati, sawa mutu mwenye amesimama mulangoni: wa ndani wanamutuma inje, wa inje wanamuomba habari za ndani.

Na chama cha wahandisi ni nini? Ni kusanyiko la watu wa kazi moja, wenye wanataka kazi ile ifanywe vizuri. Kuna vyama vya inchi, kuna pia vyama vya dunia. Kwa upande wa umeme, kile kikubwa kinajulikana kwa herufi nne: IEEE. Kilizaliwa mwaka 1963 wakati vyama viwili vya Marekani viliungana, kimoja cha mwaka 1884, kingine cha mwaka 1912. Congo yetu, pamoja na Afrika yote, inahesabiwa ndani ya eneo la 8 la chama kile, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Mwanafunzi analipa mchango mudogo kuliko mukubwa wa kazi, na wanafunzi wa université moja wanaweza kufungua tawi lao wenyewe. Tawi lile linaendeshwa na wao wenyewe: president, katibu, mutunza pesa, wote bila mushahara.

Sasa turudi kwa neno la mama. Juu ya nini hapa kwetu neno «kujitolea» linanuka vibaya? Sababu iko wazi. Wazee wetu walijua salongo ya wakati wa Mobutu. Iliitwa kazi ya pamoja ya kujenga inchi, lakini ilikuwa ya lazima. Nyuma yake kukafika miaka ya mishahara yenye haifiki: baba anaamuka kila asubui, anaenda kazini, mwisho wa mwezi anarudi na mikono mitupu, na bado wanamuambia avumilie juu ya inchi. Mutoto mwenye alikulia katika nyumba ya namna ile hawezi kusikia «tumika bule» bila kuangalia nyuma. Mutu wa Ulaya anaweza kujitolea siku ya posho kwa sababu siku tano zingine zinamulisha. Sisi tunajitolea na njaa iko ndani. Mutu mwenye hasemi jambo hili wakati anatuhimiza kujitolea, anatudanganya.

Na vyama vyetu vinatumia namna gani kijana mwenye amekubali kuja? Nitasema kenye niliona kwa macho yangu, bila kutaja jina la chama. Mukutano wangu wa kwanza nilibeba viti. Wa pili nilibeba viti na maji ya kunywa. Wa tatu walinipandisha cheo: niliandika majina ya wakubwa mulangoni na kuwafungia badji shingoni. Ndani ya chumba kulikuwa mazungumuzo juu ya hatari ya waya za umeme katika mitaa ya muji, jambo lenye ninalisomea tangu miaka mingi. Sikusikia hata neno moja, kwani nilikuwa inje ninangojea sanduku za chakula. Saa ya picha waliniita. Nilisimama nyuma kabisa, na shati langu nyeupe. Ile picha niliitia katika CV yangu: «membre actif».

Dada mumoja wa promosheni yetu, mwenye akili kutupita sisi wote katika mahesabu ya mitambo, yeye hakupewa hata viti. Walimupa kitambaa cha chama, wakamuambia asimame ku mulango na kupokea wageni na tabasamu. Alikuja mara mbili. Mara ya tatu hakurudi, na ninaona alifanya vizuri.

Mama yangu alikuwa na haki ya kuuliza. Kama kujitolea ni hivi, basi ni salongo yenye imevaa kravati.

Lakini historia ya vyama hivi inaonyesha njia ingine kabisa. Tuangalie chama cha zamani kati ya vile vikubwa vya kazi yetu, kile cha wahandisi wa ujenzi cha Uingereza. Kilianza mwezi wa kwanza wa mwaka 1818, katika nyumba moja ya kunywea kahawa huko London. Wenye walikusanyika pale hawakuwa wakubwa wenye majina. Walikuwa vijana wachache, mumoja wao Henry Robinson Palmer, wenye walichoka kujifunza kazi kwa kujificha, kila mutu na siri za bwana wake. Walitaka pahali pa kuambiana: mimi nilijenga hivi, ikashika, mimi nilijenga vile, ikaanguka. Walikaa hivyo miaka miwili, na chama hakikukua sana. Ni katika mwaka 1820 ndipo walienda kumuomba Thomas Telford, mujenzi mukubwa wa barabara na madaraja, awe president wao wa kwanza. Angalieni vizuri mupango wa mambo: vijana walitangulia, mukubwa alifika nyuma, na alikuja kuwapa nguvu ya jina lake. Hakuja kutafuta wabebaji wa viti.

Mufano wa pili. Mwaka 1905, katika muji wa Brockton, inchi ya Marekani, kiwanda cha viatu kilianguka na kuungua kwa sababu mutungi mukubwa wa mvuke ulipasuka. Watu 58 walikufa. Siku zile mitungi ya namna ile ilipasuka mara na mara, na kila mutengenezaji alikuwa na namna yake ya kupima unene wa chuma. Chama cha wahandisi wa mitambo cha inchi ile, ASME, kikaita watu wa kazi, wakakaa, wakapima, wakabishana, na toleo la kwanza la kanuni ya mitungi ya mvuke likapata tarehe ya mwaka 1914. Kanuni ile ingali inatumika leo, imerudiliwa mara nyingi, na watu wa kamati zake ni watu wa kujitolea. Hata wifi yenye kijana anatafuta mbele ya hoteli juu ya kupakua filme, kanuni yake ya kwanza ilitoka mwaka 1997, na iliandikwa na kamati ya IEEE kwa namna ile ile.

Tusijidanganye hapa pia. Wengi wa wale wanakamati wako na mushahara kwa makampuni yao. Ni chama tu hakiwalipi. Kampuni inawatuma kwa sababu inajua faida: mwenye anakaa ku meza ya kuandika kanuni, kanuni haimushangazi. Na hapo ndipo jambo linatugusa sisi watu wa Katanga. Sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wetu, Kolwezi, Likasi, Fungurume. Inaenda kufanya betri za simu na za motokari. Kanuni zenye zinasema betri nzuri ni ya namna gani, zinaandikwa wapi? Kwa meza zenye sisi hatukai. Tunatoa jiwe, wengine wanatoa kanuni, na jiwe linauzwa kwa bei yenye mutu wa kanuni amekubali.

Basi, kujitolea kwa mwanafunzi wa master ni mwanzo wa njia ya kufika ku meza ile. Hakuna mutu mwenye anaamuka asubui moja na kuingia kamati ya dunia. Anaanza katika tawi la université yake: kuandika ripoti ya mukutano bila kugeuza maneno ya watu, kusoma kazi ya mwenzake na kumuonyesha pahali mahesabu yamekosa, kupanga mufundisho, kuhesabu pesa ya chama na kuonyesha karatasi kwa kila mutu. Hizi ni kazi ndogo. Lakini zinafundisha kitu chenye mutihani haufundishi: kutumika pamoja na watu wenye hawana lazima ya kukutii. Katika masomo, mwanafunzi anajibu kwa profesa mumoja. Katika chama, anajibu kwa wenzake, na wenzake wanaweza kumuambia «hapana».

Nitaeleza namna mimi nilifika kuelewa jambo hili, kwani hata mimi nilikuwa karibu kuacha.

Kulikuwa muzee mumoja, muhandisi wa umeme mwenye alipata pansheni yake zamani. Siku ya mukutano wa nne alinikuta ninapanga viti. Akaniuliza ninasoma nini, nikamuambia. Akasema: «Na wewe njo unapanga viti? Acha vile. Posho ijayo, kuya ku Katuba na wenzako wane. Kila mutu na daftari yake.»

Tulikuwa watano, vijana watatu na dada wawili. Muzee alituchagulia avenue moja tu. Kazi ilikuwa kuingia lupango kwa lupango, kuomba ruhusa, kuangalia namna umeme unaingia katika nyumba, na kuandika. Alitukataza kufanya mambo matatu: kugusa waya, kutoa bei, na kusema Kifaransa chenye mama wa lupango hasikii.

Kile cha tatu kilikuwa kigumu kuliko vyote. Miaka yote tulijifunza umeme kwa Kifaransa, na vitabu vingine kwa Kingereza. Mbele ya mama mumoja mwenye alikuwa anasafisha sombe, sikujua namna ya kusema «mise à la terre». Nilizunguka, nilitoka jasho. Dada wa kikundi chetu akaniokoa. Akasema: «Mama, umeme kila saa unatafuta njia ya kurudi mu udongo. Kama hatukuutengenezea njia, siku moja utapita mu mwili wa mutu.» Mama yule akaacha kisu chini, akasema: «Sasa nimesikia.»

Tuliona mambo gani? Waya mbili zenye zimeunganishwa na kufungwa na sashe. Disjonktere yenye ilikuwa inakata mara kwa mara, sasa wameitoa na kutia kipande cha waya nene pahali pake, «juu isitusumbue tena». Nyumba nyingi zenye zinakula ku waya moja. Na karibu pahali pote, hakuna waya wa udongo. Wakati tuliingia katika lupango, swali la kwanza lilikuwa: «Muko bantu ba kura? Munakuja kutukatia?» Tulipojibu kwamba tuko wanafunzi na tunakuja bule, walizidi kuogopa. Bule, hapa kwetu, inaficha kitu kila mara.

Katika nyumba moja watoto walituonyesha ukuta wenye hawagusake wakati wa mvua. «Kule kunaumaka,» mumoja akasema, sawa vile mutu anasema juu ya imbwa ya jirani. Mabati ya nyumba ile yalikuwa na umeme. Muzee alikuja mwenyewe, akakata umeme, akapanda. Waya ulikuwa umesuguana na musumari wa bati mupaka ngozi yake ikaisha. Mvua ikinyesha, umeme unatembea ku mabati, unashuka ku ukuta wenye maji. Kutengeneza hakukuchukua hata saa moja. Watoto wale walikuwa wamezoea kuishi pembeni ya lufu yao, na wakubwa pia, kwani hakuna mutu aliyewaambia kwamba kitu kile si cha kawaida.

Nilikumbuka Matadi-Kibala, huko Kinshasa. Tarehe 2 ya mwezi wa pili mwaka 2022, kable ya umeme wa nguvu ilianguka katika soko wakati maji ya mvua yalikuwa yamejaa. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama wenye walikuja kuuza. Kila mutu alilia, kila mutu alisema. Nyuma ya kilio, kazi yenye inabaki ni ile ya polepole: kuangalia, kuandika, kuonya, kurudi tena kuangalia. Kazi ile serikali inapaswa kuifanya, na makampuni inapaswa kuifanya, na kujitolea kwetu hakuwezi kuwaondolea deni lao. Lakini mutu mwenye anajua hatari na ananyamaza kwa sababu hakuna mwenye alimulipa kusema, naye ana sehemu yake ya deni.

Tulirudi na madaftari yetu, tukaandika kurasa 4 kwa Kiswahili, na michoro. Tulieleza juu ya nini kipande cha waya hakiwezi kuchukua nafasi ya disjonktere. Tulieleza pia kwamba waya wa udongo peke yake hautoshi, inaomba pamoja nayo ile disjonktere ya difransieli, ya miliampere 30, yenye inakata umeme mbele mutu hajafa. Na tulisema wazi: usipande wewe mwenyewe, ita fundi mwenye anajua. Muzee alisoma, akafuta nusu, akasema: «Rudieni.» Tulirudia mara tatu. Alitupiga makosa kuliko profesa yeyote. Mwisho wa kurasa zile kuliandikwa majina yetu matano. La kwake alikataa.

Sasa, msomaji, unaweza kuniuliza: na ulipata nini? Nitajibu bila kupamba.

Nilipoteza. Kazi yangu ya master ilichelewa, na mwalimu mwenye ananiongoza hakufurahi hata kidogo. Nilitumia pesa ya bisi yenye sikurudishiwa. Siku zingine za posho ningeweza kufundisha watoto wa watu mahesabu na kuleta unga nyumbani. Bukari haipikwi na kujitolea.

Nilipata pia. Leo ninaweza kueleza kazi yangu kwa lugha ya mama yangu. Mbele sikuweza, na sasa ninaona mutu mwenye hawezi kueleza jambo kwa lugha ya nyumbani, mara nyingi hajalielewa. Nilijua namna ya kuongoza kikundi bila kupiga makelele. Nilijua wahandisi wa miji mingine, wenye ninaweza kuwauliza swali na wakanijibu. Watu wanasema kazi hapa kwetu ni «branchement» tu, mutu kujua mutu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kuna tofauti kati ya mutu mwenye anakujua kwa sababu muko wa jamaa moja, na mutu mwenye anakujua kwa sababu aliona ripoti yako. Wa kwanza anakupa kazi. Wa pili anajua kama unaiweza.

Kwa hiyo ninafika kwa maneno yangu kwa wakubwa wa vyama. Wazee wetu, tunawaheshimu. Muliingia katika migodi na vituo vya umeme wakati sisi hatujazaliwa. Vituo vya Mwadingusha, Nzilo na Nseke vinatumika kwa akili na mikono ya watu wa kizazi chenu. Ule mustari wa umeme wa Inga mupaka Kolwezi, karibu kilometre 1.700, watu wa kizazi chenu waliulinda katika miaka migumu. Lakini tunaomba mambo manne.

La kwanza: kama munaita mwanafunzi wa master, mumupe kazi ya akili. Aandike, apime, asome, afundishe. Viti tubebe sisi wote, wakubwa na wadogo, dakika kumi, kisha tukae wote.

La pili: kazi yenye ameifanya, itokee na jina lake. Ripoti yenye imeandikwa na vijana watano na kutolewa na jina la mukubwa mumoja si kujitolea, ni wizi. Tuseme neno lenyewe.

La tatu: rudisheni pesa ya bisi. Mutu mwenye anatoa saa zake na akili yake asilipe tena juu ya kuzitoa. Kama chama kinapata pesa ya sanduku za chakula na ya kitambaa, kinapata pia ya bisi. Bila hivyo, wenye watajitolea ni watoto wa wenye pesa peke yao, na chama kitabakia chao.

La nne: dada zetu wakae ku meza ya mahesabu. Tabasamu ya mulangoni, kila mutu anaweza kuitoa, hata president.

Kwa wenzangu wanafunzi, mimi pia niko na neno, na halitafurahisha wote. Tuache kutafuta badji. Kuna kati yetu wenye wako katika vyama vitano, na hawajafanya kazi hata moja katika hata kimoja. Tuchague chama kimoja na kazi moja, tuimalize. Tujue pia kusema «hapana»: mwezi wa mutihani ni wa mutihani, na mwezi wa kutoa kitabu cha master ni wa kitabu. Mutu mwenye anajitolea mupaka anaanguka katika masomo yake, hatafika kuwa muhandisi, na chama cha wahandisi hakitakuwa na faida naye. Mara ya kwanza wakikupatia viti, beba. Mara ya pili, uliza kazi ingine. Mara ya tatu, kama jibu ni viti, toka kwa heshima na utafute wenzako wane. Palmer na wenzake walianza hivyo, bila jengo na bila kravati ya chama.

Kwa waprofesa wetu: mukubali kazi ya namna hii ihesabiwe. Kurasa zile 4 za Katuba zilinifundisha juu ya umeme wa nyumba kuliko mwaka mumoja wa mafundisho. Mwanafunzi mwenye anarudi kutoka mutaani na daftari imejaa, asipokelewe sawa mutu mwenye alikuwa anatembea ovyo.

Kila tarehe 4 ya mwezi wa tatu ni siku ya dunia ya uhandisi. UNESCO iliitangaza mwaka 2019. Siku ile tunajua kuvaa mashati ya chama na kupiga picha. Ninaleta shauri moja: mwaka ujao, kila tawi lichague avenue moja ya muji wake, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Bukavu, Goma, Kisangani, liingie lupango kwa lupango na madaftari. Jioni, kila mutu aseme kenye aliona. Picha tutapiga nyuma, kama bado kuna mwangaza.

Na mama? Posho iliyopita alinikuta tena na pasi ya makala. Akauliza swali lake lile lile: «Sasa banakulipaka?» Nikamuambia: «Bado, mama.» Lakini safari hii nilitoa zile kurasa, nikamuonyesha. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kwa sababu ilikuwa Kiswahili na hakuhitaji mutu wa kumusomea. Alifika kwa majina, akatafuta langu, akalikuta. Hakusema kwamba nilikuwa na haki. Mama hasemake vile.

Alikunja kurasa, akazitia mu kitenge, akasema: «Siku ya yenga tuko na likelemba kwa mama wa pembeni. Kule nako ku mabati kunaumaka. Kuya utuelezee. Na bale wenzako, bakuye nao. Nitapika.»

Kwa mara ya kwanza, kazi yangu ya bule italipwa bukari. Lakini kuliko bukari, mama amenipa kazi ya akili mbele ya chama kunipa.